Fishi na Prizi za Sauti: Namna ya Kuzichagua na Kuzifunga

Jioni moja mwana wa jirani yangu, mwanafunzi wa sekondari, alinijia amekumbatia sanduku la bati kifuani kama mtu abebaye mtoto mgonjwa. Ndani yake mlikuwa na kikuza sauti alichokijenga mwenyewe kwa muda wa miezi mitatu. Fedha za kununulia vifaa alizipata kidogo kidogo, kwa kuwachajia watu simu na kuwatengenezea redio zao.

“Jambo, baba,” aliniambia. “Naomba unitazamie kitu hiki. Kinanguruma kama ng’ombe, wala nyimbo hazisikiki.”

“Jambo, mwanangu. Kiweke hapa mezani, tukifungue.”

Tukafungua. Nami nakiri kwamba nilistaajabu, maana kazi ilikuwa nzuri. Transfoma ilifungwa imara, kibao cha kukuza sauti kilikaa mbali nayo kama ipasavyo, na nyaya zilipangwa sawasawa. Lakini nilipotazama mgongo wa sanduku niliona ugonjwa mara moja. Prizi nne za kuingizia sauti alizikaza moja kwa moja juu ya bati tupu. Nyaya za bafle nazo zilitokea katika tundu lenye ncha kali, zikaishia katika vijiti viwili vya shaba visivyo na kifuniko chochote, vikining’inia hewani. Nilimwuliza alitumia muda gani kuufikiria mgongo wa sanduku lake. Akatabasamu kwa aibu: “Siku moja, baba. Ile ya mwisho.”

Kosa hili si lake peke yake. Karibu watu wote wajengao vyombo vya sauti nyumbani hutumia akili zao zote katika transfoma na transista, kisha huokota fishi na prizi zo zote zilizo karibu. Hata hivyo, chombo kikiharibika baada ya mwaka mmoja, mara nyingi chanzo huwa ni fishi iliyolegea au waya uliokatika mahali pa kulehemu. Na pengine mahali hapo hapo ndipo mauti yanapojificha, kama nitakavyoeleza.

UMEME MDOGO NA UMEME MKUBWA

Kabla ya kuchagua fishi, yatupasa kujua ni umeme gani utakaopita ndani yake. Sindano ya gramafoni ya kawaida, ile yenye sumaku inayocheza, hutoa umeme wa millivolti 5 hivi, maana yake sehemu 5 za elfu za volti moja. Chombo cha kuchezea sahani za CD hutoa volti 2 sauti inapofikia upeo wake. Lakini kikuza sauti cha wati 50 kikisukuma bafle ya omu 8 hutoa volti 20, na ampea mbili na nusu hupita katika waya. Bafle ikiwa ya omu 4, kwa volti zile zile 20 zitapita ampea 5.

Basi waona tofauti. Pale penye millivolti 5, adui ni kelele za nje: uchafu kidogo katika fishi, au waya usiofunikwa, hutosha kuharibu wimbo wote. Pale penye ampea 5, kelele za nje hazina nguvu. Adui ni joto, na mgusano mdogo usioweza kubeba mzigo wake. Haifai kabisa kutumia fishi ya namna moja kwa kazi hizi mbili, si kwa sababu ya sauti tu, bali kwa sababu siku moja mtu atakosea. Atachomeka waya wa bafle mahali pa gramafoni, na kazi ya miezi itaungua kwa nukta moja.

FISHI ZA NYUMBANI

Iliyoenea kuliko zote ni ile iitwayo RCA, yenye kijiti kimoja katikati na pete kuizunguka. Herufi hizo ni za kampuni ya Marekani, Radio Corporation of America, iliyoanza kuitumia kabla ya mwaka 1950 ili gramafoni iweze kuunganishwa na redio. Wajerumani huiita Cinch. Rangi nyekundu ni ya upande wa kuume, nyeupe au nyeusi ni ya upande wa kushoto. Ni fishi ya bei ndogo na yatosha kwa kazi nyingi za nyumbani, ila ina kasoro moja ya kuzaliwa: kijiti cha katikati hugusa kabla ya pete ya nje. Ndiyo maana ukiichomeka huku chombo kikiwa kinalia husikia kishindo kikubwa katika bafle. Zima kwanza, au punguza sauti hadi mwisho, ndipo uchomeke.

Fishi ya pili ni jeki, ile ndefu kama kalamu fupi. Kubwa yake ina upana wa milimita 6.35. Ni mzee kuliko redio yenyewe, kwa kuwa ilizaliwa katika vituo vya simu vya karne ya 19, ambapo wafanyakazi waliunganisha wasemaji wawili kwa kuchomeka nyaya ubaoni. Ndogo yake ya milimita 3.5 ilienea pamoja na redio za transista. Jeki yafaa sana kwa gitaa na kwa visikizi vya masikioni. Lakini usiitumie kutolea sauti kwenda katika bafle, kwa sababu inapoingia na kutoka, ncha yake huweza kugusa masi ya prizi kwa kitambo kidogo. Transista nyingi zimekufa kwa kitambo hicho.

Wenye redio za zamani za Kijerumani na za Kiholanzi wanaifahamu fishi ya tatu, DIN, ya mviringo yenye vijiti vitano. Inawachanganya watu kwa sababu vijiti havikuhesabiwa kwa mfululizo. Ukivifuata kutoka upande mmoja hadi wa pili utasoma 1, 4, 2, 5, 3. Kile cha katikati, cha 2, ndicho masi. Katika chombo cha kunasia sauti, 1 na 4 huingiza sauti ya kurekodiwa, 3 na 5 huitoa. Mimi huipenda fishi hii, maana masi na sauti za pande zote mbili hupita mahali pamoja, na waya mmoja hutosha. Kampuni ya Naim ya Uingereza iliendelea kuitumia hata wengine walipoiacha. Ubaya wake ni kwamba kuilehemu kwataka macho ya ujana.

Ya nne ni XLR, iliyotokana na kampuni ya James Cannon wa Los Angeles. Hii ndiyo mwaiona mwishoni mwa waya wa kipaza sauti kanisani au ukumbini. Kijiti cha 1 ni cha kifuniko cha waya. Cha 2 na cha 3 hubeba sauti ile ile, lakini kimoja kikipanda kingine hushuka. Kelele ikiingia njiani huingia katika nyaya zote mbili kwa kipimo kimoja, na chombo kinachopokea hutoa moja katika nyingine. Kelele hufutika, sauti hubaki. Ni akili kubwa. Kwa hiyo waya wa mita 30 waweza kupita karibu na transfoma bila kunguruma. Lakini kwa waya wa mita moja kati ya gramafoni na kikuza sauti, mjenzi wa nyumbani haihitaji sana, na akiitumia bila vifaa vya ndani vya kuzitenganisha sauti hizo mbili hajapata faida yo yote, ila kufuli nzuri.

Mwaka 1995 fundi aitwaye Neil Muncy alieleza kosa lililokuwa limejificha katika vyombo vingi vya gharama kubwa: viwanda vilikipeleka kijiti cha 1 katika kibao cha umeme badala ya kukifunga katika bati la sanduku. Hivyo kelele zote zilizokusanywa na kifuniko cha waya ziliingizwa ndani ya nyumba kwa mlango wa mbele. Mkifunga XLR, kijiti cha 1 kiende kwenye bati, kwa waya mfupi kabisa.

DHAHABU NA UDANGANYIFU

Sokoni mtaonyeshwa fishi zing’aazo kama pete ya arusi. Muuzaji atasema dhahabu hupitisha sauti vizuri zaidi. Si kweli. Fedha na shaba hupitisha umeme vizuri kuliko dhahabu. Faida ya dhahabu ni moja tu: haipati kutu. Katika nchi zetu za mvua nyingi na joto faida hiyo si ndogo, lakini si ya sauti, ni ya miaka. Nikeli nzuri nayo huvumilia, hasa ukiichomoa na kuichomeka mara chache kwa mwaka ili ijisugue. Jambo la kuepuka ni kuoanisha fishi ya dhahabu na prizi iliyopakwa bati. Metali hizi mbili zikigusana na kutikisika, bati hufanya ganda la kutu ambalo jicho halilioni.

Ukitaka kuijua fishi njema, chukua sumaku ndogo. Fishi ikivutwa kwa nguvu, ni chuma kilichopakwa rangi ya heshima. Kisha ichomeke na kuichomoa mara tatu. Iwe inashika, lakini isikulazimu kung’oa prizi pamoja nayo. Mwisho tazama mahali waya unapoingia: pasipo kibano cha kuushika waya, uzito wote utabebwa na tone la lehemu, nalo halikuumbwa kwa kazi hiyo.

KUFUNGA

Kazi ya kutoboa ifanywe kabla vibao havijaingia sandukuni. Unga wa chuma ukidondoka kati ya nyaya huunguza chombo siku ile ya kwanza. Chora mahali pa matundu juu ya karatasi, ibandike karatasi kwenye bati, piga alama kwa msumari mgumu, halafu toboa kwanza kwa keekee ya milimita 3 na kupanua baadaye. Acha milimita 18 hadi 20 kati ya prizi moja ya RCA na nyingine, maana fishi nyingine ni nene. XLR zile zenye bamba la mraba hutaka tundu la milimita 24 hivi na skrubu mbili zilizokaa pembe kwa pembe, milimita 19 kwa upana na 24 kwa urefu. Lainisha ukingo wa kila tundu kwa tupa. Na tafadhali vaa miwani. Jicho halina duka la vipuri.

Sasa tufike kwenye ng’ombe wa mwanafunzi wetu. Pete ya nje ya RCA ni masi ya sauti. Alipoikaza juu ya bati, masi ya kila prizi iligusa sanduku. Masi ya kibao nayo iligusa sanduku mahali pengine, na masi ya transfoma mahali pa tatu. Njia hizo zikafanya duara, na duara la waya karibu na transfoma hunasa umeme kama wavu unasavyo samaki. Umeme wa nyumbani hugeuka mara 50 kwa sekunde, na ndiyo ile sauti nene ya kunguruma aliyoisikia.

Dawa yake ni pete mbili za plastiki kwa kila prizi, moja yenye bega lichungulialo ndani ya tundu, ili shaba isiguse bati po pote. Kisha masi zote hukutana mahali pamoja, na kutoka hapo waya mmoja tu huenda kwenye bati, karibu na prizi za kuingizia sauti. Kabla ya kuunganisha waya huo, pima kwa kipimo cha omu kati ya pete ya prizi na bati: sindano isicheze kabisa. Ikicheza, kuna mahali pamegusana, nawe tafuta hapo hapo kabla hujaendelea.

Katika kulehemu, tumia waya wa lehemu wenye bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, unaoyeyuka kati ya nyuzi 183 na 190. Usitumie kamwe ile asidi ya mafundi wa sufuria. Italiwa shaba na utalia wewe. Plastiki ya prizi za bei ndogo huyeyuka upesi, na kijiti cha katikati hukaa upande. Siri ya mafundi ni hii: chomeka fishi nzee ndani ya prizi unapoilehemu. Itashika kijiti katikati na kunywa joto lililozidi. Passha moto shaba, si lehemu. Lehemu ifuate yenyewe. Risasi ni sumu, basi usilehemu jikoni, usivute moshi wake, na unawe mikono kabla ya kumshika mtoto au mkate.

PALE PENYE HATARI

Nimesema kwamba nyaya za bafle za kijana yule ziliishia katika vijiti viwili vya shaba. Vilikuwa fishi za milimita 4, zile ambazo wengi huziita ndizi, naye alikuwa amevivua vifuniko vyake vya plastiki ili vimkalie vizuri. Nikamwuliza, “Nyumbani kwenu kuna watoto wadogo?” Akajibu, “Wawili, baba. Mdogo ana miaka mitatu.”

Nikamwonyesha prizi ya ukutani, yenye matundu mawili ya mviringo na volti 220 ndani. Nikachukua vile vijiti vyake viwili, nikavisogeza karibu na matundu bila kuvigusisha. Kijana akanyamaza. Vijiti vya milimita 4 huingia humo bila shida, maana fishi nyembamba ya umeme ya Ulaya nayo ina vijiti vya milimita 4, na umbali kati yake ni milimita 19 hivi. Mtoto aonaye vijiti viwili na matundu mawili atafanya nini? Na upande wa pili wa waya huo, ikiwa bafle imefunguliwa, kuna ncha mbili tupu zenye umeme wote wa ukuta, na pengine mkono wa mtoto mwingine.

Kwa sababu hiyo huko Ulaya prizi nyingi za bafle huuzwa zikiwa zimezibwa vijiti vidogo vya plastiki, vyekundu na vyeusi, ili fishi za milimita 4 zisiingie. Watu huving’oa wakidhani ni takataka za kiwandani.

Kwa nyumba yenye watoto njia nyepesi ni prizi za skrubu zinazoshika waya uliomenywa, bila fishi yo yote. Aliye na fedha kidogo zaidi anunue Speakon, iliyotolewa mwaka 1987 na kampuni ya Neutrik ya Liechtenstein. Shaba yake imefichwa ndani ya plastiki, huingia na kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, wala hakuna tundu la ukuta liwezalo kuipokea. Wajerumani wa zamani walikuwa na fishi yao ya bafle yenye kijiti kimoja bapa na kimoja cha duara. Hiyo nayo haiingii ukutani.

Kuna na mtego mwingine kwa wanaonunua vile vibao vidogo vya Kichina vya kukuza sauti. Katika vingi vyake, waya mweusi wa bafle si masi. Nyaya zote mbili zina umeme wa sauti. Ukikaza prizi nyeusi juu ya bati, au ukaunganisha nyeusi ya kuume na nyeusi ya kushoto, kibao kitaungua kabla hujamaliza kushangaa. Kila prizi ya bafle iwe na plastiki yake kwenye bati, nyekundu na nyeusi sawasawa.

Tena, sanduku la chuma lenye umeme wa ukutani ndani yake sharti lifungwe waya wa ardhi, kwa skrubu yake peke yake isiyofanya kazi nyingine. Mafundi wengine, wakisikia mngurumo, huukata waya huo na mngurumo hutulia. Wamenunua ukimya kwa roho ya mtu. Kama nyumba yako haina waya wa ardhi, jenga chombo chako kitumie betri ya volti 12, au kile kichaji kilichofungwa chote katika plastiki, chenye alama ya mraba ndani ya mraba.

Kijana aliondoka nacho usiku ule akiwa na orodha fupi: pete nane za plastiki, prizi nne za skrubu, tundu moja la kulainishwa. Jumamosi iliyofuata alirudi. Tuligusisha betri ya volti moja na nusu kwenye nyaya za kila bafle, ili kuona kwamba karatasi yake yasukumwa mbele waya mwekundu ukiwa kwenye chanya. Ya kushoto ilirudi nyuma, basi tukazigeuza nyaya zake. Ndipo akawasha. Niliweka sikio karibu na bafle, nisisikie kitu. Nikadhani kimekufa. Akacheka, akachomeka simu yake, na kwaya ikaanza kuimba.

Vile vijiti viwili vya shaba aliniachia. Vimo katika kopo, juu ya kabati, mahali ambapo hata mimi huhitaji kiti ili kuvifikia.